Mita ya Mbinya

Kuanzia Emali mpaka Mtito Andei hakuna mapenzi yaliyoanza wala kuvunjika bila mimi kujua sababu, tena kuwashinda wapenzi wenyewe. Haya ya Gedion na Mbinya nilikuwa mtu wa mwisho kuyasikia, ingawa dirisha langu linatazama mlango wa duka walikokutana.

Ilikuwa siku ya soko Emali. Barabarani malori yamepanga foleni, wenye mbuzi wanasukumana na wenye nyanya, na ndani ya duka la Mama Sufian mafundi wa stima wamejazana wakitaja saizi za waya kwa kupokezana, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Katikati yao akaingia Gedion Mutunga, fundi wa stima na pampu za maji kutoka Kibwezi. Kijana mrefu, amevaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka mstari wa mguuni ukasimama wima. Fundi gani hupiga ovaroli pasi? Basi ni huyo.

Nyuma ya kaunta alikuwa Mbinya, msichana wa Kitui aliyekuwa ameajiriwa kukata waya. Gauni la manjano, juu yake dastikoti la kijivu, mikono ya dastikoti imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Kwenye kaunta kulikuwa na misumari miwili, kati yao mita moja kamili, na Mbinya alikuwa akivuta waya kutoka msumari huu mpaka ule huku akihesabu kwa sauti. Mikono ilikuwa inaenda kama ya mtu anayefuma.

Gedion alikuwa amesoma chuo cha ufundi na hakutaka hilo lipotee bure. Akaagiza kwa majina yote: waya wa shaba, kore moja, saizi ya mbili na nusu, nyuzi saba ndani, ganda la kahawia, mita ishirini.

Mbinya akamtazama kuanzia ule mstari wa pasi mpaka nywele.

"Kahawia ni wa laivu," akasema. "Na nyutro utatumia nini, maombi?"

"Nyutro ninayo nyumbani."

"Na athi, wa kwenda ardhini?"

"Athi pia ninayo."

"Stima ni nyaya tatu. Kumbe umetoka Kibwezi kuja kununua theluthi ya stima."

Mafundi wakacheka. Gedion naye akacheka, ingawa alikuwa amepanga kukasirika. Akasimama pale akitazama waya ukivutwa, kisha akaacha kuutazama waya na kumtazama anayevuta. Mbinya akawa anamuuliza maswali: nyumba ni ya nani, ni ya vyumba vingapi, mke wake atapenda soketi jikoni upande gani. Gedion akajibu kwamba nyumba ni ya mwalimu, na mke wa fundi bado hajapatikana. Mbinya akasema pole, akakata waya, akaufunga, akampa.

Kesho yake Gedion alikuwa juu ya dari ya mwalimu kule Kibwezi, jasho linamwingia machoni, akivuta ule waya ndani ya paipu. Ukaja, ukaja, ukasimama. Soketi iko kule, ncha ya waya iko huku, na katikati pamebaki urefu wa mtu mzima. Kwenye paipu waya hauungwi. Ukitaka kuunga unatafuta kisanduku, na hapo hapakuwa na kisanduku. Kwa hivyo ilibidi auvute wote urudi ulikotoka. Namba ya duka ilikuwa imechorwa mlangoni kwa rangi nyekundu, naye alikuwa ameishika kichwani, bila sababu yoyote, alivyojiambia. Akapiga.

"Haujatosha," akasema aliposikia sauti ya Mbinya.

"Nani huyu?"

"Gedion. Wa jana. Wa kahawia."

"Ah, wa theluthi. Haujatosha nini?"

"Waya. Niliomba ishirini. Hapa hakuna ishirini. Ulikata na nini, meno?"

"Fundi, mimi nimekata waya hapa tangu hujajua kushika plaisi. Pima nyumba yako tena."

Akapima tena. Nyumba haikuwa imekua. Akapanda pikipiki mpaka Emali, akiwa na maneno makali aliyoyapanga njia nzima, na Mbinya akamwambia kwa upole kwamba labda ni ile tepu yake, tepu za siku hizi ncha hukatika. Gedion akaitazama tepu. Ncha ilikuwa imepinda kidogo. Akanunua tepu mpya hapo hapo, akanunua na waya mwingine, akarudi Kibwezi akiwa amesahau maneno yote makali, isipokuwa moja alilolikumbuka alipofika Makindu, likiwa halina kazi tena.

Na huo wa pili nao ukapungua.

Mtu mwingine angehama duka. Emali ina maduka, Kibwezi ina maduka, hata Mtito kuna mahali unaweza kupata waya saa yoyote ukiwa na moyo wa kuamsha mtu. Gedion akawa anarudi kwa Mbinya tu. Kila akirudi anakuja amekasirika na anaondoka amelainika. Siku moja aliapa kwamba atasimama pale kaunta, macho kwenye misumari, na atahesabu mwenyewe. Akafika kwenye saba. Hapo Mbinya akamuuliza kama ni kweli wanaume wa Kibwezi wanajua kupika, na Gedion akaanza kueleza vile yeye hupika pojo kwa nazi, na alipomaliza pojo, waya ulikuwa umekatwa na kufungwa.

Wakaanza kunywa chai pamoja kwenye hoteli ndogo karibu na stesheni ya reli. Hapo Mbinya huvua dastikoti na kulikunja kwenye mapaja, na lile gauni la manjano linabaki peke yake kufanya kazi yake. Gedion akiwa na haya huongea mambo ya stima, kwa hivyo siku za kwanza aliongea stima sana. Akamweleza kwa nini waya mwembamba ukiwa mrefu balbu huwaka kwa unyonge.

"Umeme nao huchoka njiani," akasema.

"Kama wewe ukitoka Kibwezi."

"Mimi sichoki."

"Basi mbona kila ukifika hapa unalalamika?"

"Nalalamika kwa sababu ya waya, mwendwa."

Hilo neno la mapenzi la kwao lilimtoka bila kuomba ruhusa. Mbinya akageuza kikombe chake mara mbili kwenye meza. Halafu akasema kwamba kama ni hivyo, alalamike tu.

Mapenzi yakakolea, na waya ukaendelea kupungua. Gedion alikuwa akimpigia simu kutoka kwenye dari za watu, kichwa kimejaa utando wa buibui, na mazungumzo yalianza kwa "haujatosha" na kuisha kwa "usiku mwema, lala vizuri." Mwisho akapata dawa. Akitaka ishirini, anaagiza ishirini na mbili. Ikawa inafika sawasawa. Hakumwambia. Aliona aibu kumwambia mpenzi wake kila wiki kwamba hajui kuhesabu. Akajisemea kwamba wengine wameoa wanawake wasiojua kupika, na yeye ameamua kuoa asiyejua mita.

Maana alikuwa ameamua. Mama yake mkubwa, Kaluki, ndiye angeongoza wazee kwenda Kitui kwa kina Mbinya na mbuzi wa ntheo, wale wa kuonyesha kwamba binti ameshapata mwenyewe. Kaluki alikuwa mwanamke wa maneno yaliyopimwa. Akisimama mbele ya wakwe kumsifu mtu, wakwe husikiliza, kwa sababu inajulikana hasifu ovyo. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya kisima cha kanisa lao huko nje ya Kibwezi, na kisima hicho alikuwa amempa Gedion.

Hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Kisima cha kwanza cha kanisa kilikufa kwa sababu fundi fulani aliunga kebo ya pampu katikati, maji yakaingia kwenye kiungo, ikapiga shoti huko chini, na akina mama wakarudi kwenye mtungi na punda. Safari hii Kaluki alisema mbele ya kamati yote: kebo moja, kuanzia pampu mpaka juu, bila kiungo. Gedion akapima kina kwa uangalifu, akaongeza ya kufika kwenye kisanduku cha swichi. Halafu akakaa kitako akapiga hesabu ya Mbinya. Kwenye ishirini hupotea mbili. Kwenye kebo ndefu namna hii zitapotea ngapi? Akazidisha, akaongeza, akaagiza.

Siku ya kukata, Mbinya hakuuliza habari ya mapishi. Alipoambiwa ni kebo ya kisima, ile bapa ya kore tatu, alimtazama Gedion kidogo kisha akainamisha kichwa na kuhesabu kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma zaburi. Gedion alijaribu kumtania mara mbili. Hakujibiwa. Akafikiri amemkosea.

Kanisa zima lilikuja kuona pampu ikishushwa. Mchungaji akaomba, paipu zikashuka moja baada ya nyingine, kebo ikafungwa kwenye paipu kwa mikanda, ikashuka nayo. Pampu ikafika mahali pake. Kebo ikapelekwa kwenye kisanduku, ikaunganishwa, swichi ikapigwa, maji yakatoka yakiwa na matope na baadaye yakiwa safi, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka punda wakakimbia.

Halafu vigelegele vikapungua, maana watu walianza kuona kile kilichobaki. Pale mdomoni mwa kisima kebo ilikuwa imelala mizunguko kwa mizunguko, kebo mpya, ya kutosha kupeleka stima mpaka nyumba ya mchungaji na kurudi.

Kaluki akaisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Gedion, hii iliyobaki ni ya nani?"

"Ya kanisa, mama mkubwa."

"Na ni nani alituambia kisima chetu kinahitaji yote hii?"

Alijaribu kueleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Unawaambiaje wanakamati kwamba uliagiza zaidi kwa sababu mpenzi wako hukata pungufu, halafu mara hii akakata kamili? Mmoja akakohoa. Mwingine akasema kwamba mafundi wote huongeza ili wauze baki, na yeye alikuwa akidhani huyu ni tofauti kwa sababu ya ile pasi.

Kaluki hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba habari ya Kitui ingoje. Hawezi kusimama mbele ya wazazi wa mtu kumsifu kijana ambaye hajui kama ni mwizi.

Gedion akamwomba kitu kimoja: waende Emali pamoja, amsikie Mbinya mwenyewe. Wakaenda. Wakamkuta Mama Sufian mwenyewe amekaa mlangoni, mwanamke mnene wa buibui jeusi na miwani ya dhahabu, ambaye marehemu mume wake ndiye aliyepigilia ile misumari kwenye kaunta, na kwake mita ilikuwa jambo la kuulizwa mbele ya Mungu.

"Mbinya," Gedion akasema, "mwambie mama mkubwa. Waya unaonikatia huwa unapungua. Kila siku. Ni kweli au si kweli?"

Mama Sufian akavua miwani.

Mbinya akamtazama mwajiri wake, akamtazama Kaluki, akawatazama wateja wawili waliokuwa wamenyamaza kusikiliza. Kumtazama Gedion hakumtazama.

"Mimi hukata sawa kwa kila mtu," akasema.

Kaluki, ambaye hafanyi kazi nusu, akachukua tepu akapima misumari. Mita moja kamili. Akawauliza wale wateja wawili kama waliwahi kupungukiwa. Hawajawahi. Gedion akasimama pale akiwa na tepu yake mpya mkononi, mwongo mbele ya watu, na hakukuwa na neno moja la chuoni la kumsaidia. Akatoka, akapiga pikipiki teke, ikakataa kuwaka, ikabidi aisukume mbele ya duka zima.

Kuanzia jioni hiyo simu yake ikawa inalia. Ilikuwa inaandika Mbinya, naye anaigeuza uso chini. Aliunga nyaya za watu akiwa na uso wa mtu anayekula dawa. Alinunua waya kwa muuzaji wa Kibwezi, mwanamume mwenye kikohozi, na kila kipande kilitosha, na kila kilipotosha Gedion alizidi kukasirika. Kwa hivyo ni kweli. Yeye na tepu yake walikuwa sawa tangu mwanzo.

Akapokea simu mara moja tu, akiwa juu ya ngazi.

"Gedi, usikate. Nilikuwa na woga wa Mama Sufian."

"Na mimi uliniogopa lini? Nimepanda dari za watu mara mbili mbili kwa ajili yako. Nimeitwa mwizi kanisani."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungesema."

Akakata, akabaki ameshika ngazi, akisubiri apigiwe tena ili asipokee. Hakupigiwa.

Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Mchana akamwona Kaluki anakuja, kitambaa cha kichwa cha Jumapili kimekaa upande, na Kaluki huwa haruhusu kitambaa kikae upande. Akaketi bila kukaribishwa, akaomba maji, akanywa yote.

"Yule msichana wako alikuja kanisani leo," akasema. "Peke yake, kutoka Emali, na gauni la manjano. Wakati wa ushuhuda akasimama."

Gedion akakipokea kikombe.

"Akasema mita yake ni sawa kwa kila mtu isipokuwa mtu mmoja. Akasema akimkatia huyo huwa anaruka namba. Kutoka kumi na mbili anaenda kumi na tano huku anamuongelesha. Mchungaji akamuuliza kwa nini. Akasema ili arudi."

"Alisema hivyo? Mbele ya kanisa?"

"Kwa maikrofoni. Akasema siku ya kisima hakuthubutu, maana kebo ya kisima haiungwi na maji ni ya watu. Ndiyo akakata sawa, na wewe ukawa umeongeza." Kaluki akapangusa mdomo. "Nimeokoka tangu niko msichana, nimesikia walevi na wachawi. Ushuhuda kama huo sijasikia. Akina mama walicheka mpaka ibada ikaharibika."

Gedion alisimama, akaketi, akasimama tena. Alitembea mpaka mlangoni na kurudi. Akamuuliza mama yake mkubwa ni mtu gani mwenye akili anayeacha kusema rudi, neno fupi hivyo, anaona afadhali kumpandisha mwenzake juu ya dari ya watu na kumshusha kwa miezi. Petroli yote hiyo. Na ile tepu, ambayo hata haikuwa na kosa. Kaluki alimwacha amalize. Alipomaliza akamwambia kwamba jina lake limesafishwa, kebo iliyobaki itapeleka taa kwa mchungaji, na habari ya Kitui sasa iko mikononi mwake. Yeye Kaluki yuko tayari kumsifu, ila hatamlazimisha mtu kuoa mwanamke wa kuruka namba.

Habari ilifika Emali kabla ya Mbinya mwenyewe kufika. Mama Sufian hakumfukuza, lakini alimwondoa kwenye waya. Sasa Mbinya aliuza balbu na swichi kwenye kona, na waya anakata Mama Sufian kwa mkono wake, anapima kwa misumari, anapima tena kwa tepu, anafunga kwa fundo lake la kubana ambalo mafundi hulifungua kwa kisu.

Gedion alikaa bila kwenda. Alikaa sana kwa mtu ambaye kila asubuhi alipiga ovaroli pasi na kuelekeza pikipiki upande wa Emali, kisha akaigeuza. Mwishowe asubuhi moja hakuigeuza. Akaingia dukani, akamsalimia Mama Sufian, akaagiza waya wa mbili na nusu, wa kahawia, mita ishirini. Mbinya alikuwa pale kwenye kona anapanga balbu, gauni la maua, na hakuinua uso. Gedion naye hakuugeuza wake. Mama Sufian akakata, akapima mara mbili, akafunga. Gedion akashukuru, akatoka, akaondoka.

Saa sita haijafika, pikipiki ikasimama tena mlangoni.

Akaingia akiwa amekunja uso kama zamani. Alimpita Mama Sufian, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya balbu.

"Haujatosha," akamwambia Mbinya.

Mbinya akaweka balbu chini polepole. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya Gedion kwake tangu siku ya ngazi, na macho yalimjaa maji, lakini mdomo wake ni ule ule.

"Huo sikuukata mimi, fundi."

"Najua. Lakini haujatosha."

"Kwa nyumba gani?"

"Kuna nyumba moja. Huko Makindu."

"Umefika Makindu, ukavuta waya kwenye paipu, ukapungua, na umerudi, saa hizi?"

"Nilienda mbio."

Mama Sufian alikuwa ameshatoka nje. Alizunguka pikipiki, akainama nyuma ya kiti, akainuka na waya wa kahawia mkononi, mviringo mzima. Akauleta ndani na kuuweka juu ya kaunta kati ya ile misumari miwili.

"Na huu je?"

Gedion alisema huo ni mwingine. Ni wa mteja mwingine, alisema, wa Kibwezi, alioununua jana.

Mama Sufian akavaa miwani yake, akashika fundo kwa vidole viwili, akalijaribu huku na huku. Lilikuwa lile lake la kubana, na halikuwa limeguswa.